Elimu ilikuwa bure, ila si kwa mtoto wa aliyesema

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie makala uliyoichapisha kuhusu urafiki wa Zanzibar na iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Mwandishi ameeleza mengi ya kweli. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilikuwa ya mwanzo kabisa barani Afrika kuitambua dola ile, na kwamba dola ile, iliyokuwa ikitafuta kutambuliwa kwa udi na uvumba, ililipa fadhila hiyo kwa saruji, madaktari, walimu na nafasi za masomo. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kikwajuni, katika moja ya fleti walizozijenga, na ami yangu alipelekwa huko kusomea ufundi wa mashine, akarudi na cheti, baiskeli na Kijerumani ambacho hadi leo hukitoa kwenye harusi ili kuwachekesha watoto. Kwa hiyo sina sababu ya kuwabeza waliotujengea, wala sikusudii kufanya hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo mawili ambayo mwandishi ameyataja kwa kupita tu, kana kwamba hayana ubishi. La kwanza ni kuwa katika nchi ile hakuna mtoto aliyenyimwa elimu. La pili ni kuwa waliompinga mtawala walikuwa wachache na walijua walichokuwa wakikitafuta. Mimi naishi Leipzig tangu 1998, na mume wangu ni mtoto wa mmoja wa hao wachache. Baba yake huenda alijua alichokuwa akikitafuta. Mume wangu wakati huo alikuwa na miaka 15, na hakuna aliyemwuliza.

Wasomaji wengi vijana hawaijui nchi ile, kwa hiyo nieleze kidogo. Ujerumani ya Mashariki ilianzishwa Oktoba 1949 katika sehemu iliyokuwa chini ya jeshi la Kisovieti, ikajenga ukuta kuizunguka Berlin ya Magharibi Agosti 1961 ili watu wake wasikimbie, na ukuta huo ukafunguka usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Mwaka huo ilikuwa na watu takriban milioni 16. Wizara yake ya Usalama wa Taifa, ambayo watu waliiita kwa kifupi Stasi, ilikuwa na waajiriwa wa kudumu wapatao 91,000, na juu yao zaidi ya watu 170,000 waliokuwa wakiripoti kwa siri, yaani mashushushu wasiovaa sare wala kukaa ofisini: mwenzako kazini, mwalimu wa kwaya, jirani wa mlango wa pili. Majalada waliyoyaacha, ukiyapanga rafuni, yana urefu wa kilomita 111. Mstari ulionyooka kutoka Nungwi hadi Makunduchi hauufikii urefu huo.

Kila jengo la makazi lilikuwa na daftari ambamo waliandikwa wakaazi wote pamoja na wageni waliokuja kukaa, na palikuwa na mkaazi aliyekabidhiwa kazi ya kulitunza. Nilipomweleza mama mkwe wangu kuhusu balozi wetu wa nyumba kumi, hakuhitaji ufafanuzi. Aliuliza kitu kimoja tu: kama balozi wetu naye alikuwa akiandika saa ambayo mgeni ameingia.

Baba mkwe wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mpimaji wa ardhi katika mji mdogo wa eneo la Saxony, usio mbali na Leipzig. Kosa lake lilikuwa taipureta. Usiku alikuwa akinakili maandishi yaliyokuwa yakizunguka kwa siri mikononi mwa watu wa kanisa na marafiki zao: hotuba, mashairi, barua za watu waliofungwa, na makala juu ya mito iliyoharibiwa na viwanda, kwa sababu hata takwimu za uchafuzi wa mazingira zilifanywa kuwa siri ya serikali. Alikuwa akipanga karatasi nyembamba saba kwa mara moja, katikati ya kila mbili akitia karatasi ya kaboni, kisha akigonga herufi kwa nguvu ili nakala ya saba nayo isomeke. Kazi ya mume wangu, tangu akiwa na miaka 11, ilikuwa kuzitenganisha nakala hizo bila ya kuzichafua na kuzihesabu. Ananiambia kwamba hadi leo akisikia harufu ya wino anakumbuka asubuhi, maana kila asubuhi kabla ya shule mama yake alimsimamisha mbele ya beseni na kumsugua ncha za vidole kwa brashi ya kufulia, kimoja baada ya kimoja, mpaka ule weusi wa kaboni utoke. Vidole vilikuwa vikiwasha. Siku moja aliuliza kwa nini asivae glavu wakati wa kutenganisha karatasi, na wazazi wakatazamana wakacheka, kwa sababu watu wazima wawili wenye elimu hawakuwa wamelifikiria jambo hilo kwa miezi kadhaa.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni zake. Mambo mazito hayakusemwa ila maji ya bomba yakiwa yanamwagika jikoni. Majina ya watu hayakutamkwa kabisa, yaliandikwa juu ya kibao cha kuchezea watoto, kile ambacho ukivuta karatasi yake maandishi yote yanafutika. Na kwenye ngazi za jengo hakusemwi neno lolote zaidi ya salamu. Mama alimfundisha pia namna ya kujibu shuleni. Alimwambia asiseme uongo, kwa kuwa uongo humchosha mtoto na mwisho huusahau, wala asiseme ukweli. Ajibu tu, "Afadhali umwulize mama."

Maana shuleni waliulizwa. Watu wa rika lile wote wanalo hili la kusimulia: mwalimu wa madarasa ya chini huwauliza watoto, kwa upole, kama saa inayoonekana katika televisheni yao kabla ya taarifa ya habari ina vidoto au ina mistari. Stesheni ya serikali ilikuwa na saa ya namna moja na stesheni ya magharibi ya namna nyingine, na mtoto wa miaka saba, akiwa na furaha ya kujua jibu, ananyoosha mkono na kuwauza wazazi wake kwa nukta moja tu.

Sasa nije kwenye hiyo elimu ya bure. Ada kweli hakuna aliyelipa, na chakula cha mchana kilikuwa cha bei ya chini mno. Lakini katika daftari la darasa, pembeni ya jina la kila mwanafunzi, palikuwa na herufi iliyoonyesha baba na mama ni wa tabaka gani, mfanyakazi wa kiwandani, mkulima, msomi au mwenye biashara yake. Mtoto alitarajiwa kuingia chipukizi tangu darasa la kwanza na kuvaa skafu ya buluu, kisha nyekundu, halafu akifika miaka 14 aingie jumuiya ya vijana ya chama na kuvaa shati la buluu. Katika umri huo huo palikuwa na sherehe kubwa ya kiapo, jando bila ya ngariba kama ninavyoiita mimi, ambapo kijana husimama ukumbini na wenzake na kuahidi kuutumikia ujamaa, kisha hupewa kitabu, na nyumbani hupikiwa na kupewa zawadi. Kuanzia Septemba 1978 liliongezwa somo la kijeshi kwa darasa la tisa na la kumi. Hakuna sheria iliyomlazimisha mtoto kwenda kwenye kile kiapo. Ila baada ya darasa la kumi ni takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi aliyeruhusiwa kuendelea hadi mtihani wa kuingia chuo kikuu, na aliyechaguliwa hakutazamwa alama zake peke yake. Wizara ya Elimu, ambayo Margot Honecker aliiongoza kuanzia 1963 hadi 1989, haikuficha kwamba msimamo wa kisiasa nao ni sifa ya mwanafunzi.

Mume wangu hakuwahi kuvaa skafu. Anasema hilo halikumwumiza sana, isipokuwa siku za magwaride, pale darasa zima linapokuwa na shingo za rangi moja na yeye peke yake amesimama na shingo tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Lililomgharimu lilikuja majira ya baridi ya 1981 kuingia 1982. Mchungaji wa vijana wa Saxony, Harald Bretschneider, alikuwa amebuni nembo ya kushona kwenye nguo, yenye picha ya mtu anayeufua upanga kuwa jembe na maneno ya nabii Mika. Iliwezekana kuichapa kwa sababu ilichapwa juu ya kitambaa. Chapa ya karatasi ilihitaji kibali cha serikali, lakini chapa ya kitambaa ilihesabiwa kuwa kazi ya nguo. Na picha yenyewe ilitokana na sanamu ambayo Umoja wa Kisovieti wenyewe uliupa Umoja wa Mataifa zawadi mwaka 1959, iko New York hadi leo. Polisi na walimu wakaanza kuwavua vijana nembo hiyo barabarani na madarasani. Kwa hiyo mtoto alikuwa akiadhibiwa kwa kuvaa picha ya zawadi ya Moscow. Nikikumbuka hili huwa nacheka, ingawa mume wangu hacheki.

Yeye alikuwa ameishona juu ya mkono wa koti lake la baridi. Mwalimu mkuu alimwita, akampa mkasi na kumwamuru aikate mwenyewe. Akaikata, pamoja na kitambaa cha koti chini yake, likabaki tundu la duara ambalo pamba ilikuwa ikitokeza, na kwa ujeuri wa umri ule akalivaa hivyo hivyo mpaka machipuko. Mama alitaka kulitia kiraka, baba akasema liachwe. Mwaka uliofuata, alipoomba kuendelea na masomo, alikuwa wa kwanza darasani kwa hisabati na wa pili kwa jumla. Barua ya majibu ilikuwa na mistari mitatu, ikisema kwamba nafasi hazitoshi. Akapelekwa kujifunza uashi.

Mimi nadhani wengi wanaoisifu nchi ile hawajawahi kufikiria maana ya jambo hili. Mtu mzima anayepinga unaweza kumfunga, na ukimfunga anakuwa shujaa, redio za nje zinamtaja, makanisa yanamwombea. Lakini ukimwacha huru akamwona mwanawe akibeba matofali ilhali kichwa chake kinafaa kubeba vitabu, na kila jioni akamwona anarudi na mikono iliyopasuka kwa chokaa, hapo hakuna redio itakayomtaja mtu. Gharama yake kwa serikali ni barua ya mistari mitatu.

Baba mkwe alikamatwa 1983, akakaa ndani miezi 18, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Alichimba makaburi katika uwanja wa kanisa hadi 1990, na alikuwa akisema kwamba ndiyo kazi pekee ya upimaji iliyobaki.

Ili isionekane kwamba nakuza kisa cha nyumba moja, nitaje yale ambayo yamo katika kumbukumbu za wazi. Agosti 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake wa Mkataba wa Warsaw yalipoivamia Chekoslovakia, vijana kadhaa wa Berlin walilaani uvamizi huo hadharani, wengine kwa vikaratasi, na wakafungwa. Miongoni mwao walikuwamo Frank na Florian Havemann, watoto wa mwanakemia Robert Havemann ambaye alikuwa amefukuzwa chuo kikuu tangu 1964 kwa mihadhara yake, na Florian alikuwa na miaka 16. Mwaka 1980 akina mama wa mtaa wa Prenzlauer Berg mjini Berlin, mmoja wao Ulrike Poppe, walianzisha katika duka lililokuwa tupu barabara ya Husemann shule yao ndogo ya chekechea, ili watoto wao wacheze bila ya kufundishwa nyimbo za vifaru. Desemba 1983 Ulrike Poppe alitiwa ndani, na siku chache baadaye watu wa serikali waliingia katika chekechea ile, wakatoa kila kilichokuwamo, wakaliziba dirisha la duka kwa matofali. Watoto waliopita pale kesho yake waliona ukuta mpya. Baadaye ilikuja kujulikana kutokana na majalada kwamba dhidi ya Ulrike na mumewe Gerd palikuwa na mpango wa maandishi wa kuivunja ndoa yao, umeandikwa kwa vipengele, kama vile mtu anavyoandika mpango wa kilimo.

Haikuwa bahati mbaya. Mwongozo namba 1 wa 1976 wa Wizara ya Usalama wa Taifa uliagiza njia hizo waziwazi: kuharibu sifa ya mtu kwa kuchanganya habari za kweli na za uongo unaoaminika, kumpangia ashindwe kazini na katika jamii mpaka asijiamini, kupanda shaka baina ya watu wanaopendana. Neno walilolitumia kwa kazi hiyo ni lile ambalo Wajerumani hulitumia kwa kitu kinachooza na kumeng'enyuka polepole.

Na mwishoni kabisa, wakati wengi walidhani mambo yamelegea, mwanaharakati Vera Lengsfeld, ambaye wakati huo alikuwa akiitwa Vera Wollenberger, alikamatwa Januari 1988 akielekea kwenye maandamano rasmi ya kuwakumbuka Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, viongozi wa kikomunisti waliouawa 1919. Alikuwa na bango lenye maneno ya kifungu cha 27 cha katiba ya nchi yake mwenyewe, kwamba kila raia ana haki ya kutoa maoni yake kwa uhuru na uwazi. Miezi michache baadaye mwanawe Philipp, ambaye baada ya miaka mingi alikuja kuwa mbunge, alikuwa mmoja wa wanafunzi wanne waliofukuzwa katika shule moja ya Pankow, mtaa wa Berlin, kwa sababu walibandika ubaoni maandishi ya kuhoji faida ya gwaride la kijeshi. Shule hiyo ilikuwa na jina la Carl von Ossietzky, mwandishi mpenda amani aliyepewa Tuzo ya Nobel na kufa 1938 baada ya mateso katika kambi za Wanazi. Majalada yalipofunguliwa, Vera alikuja kugundua kwamba aliyekuwa akiripoti habari zake kwa siri miaka yote ile, kwa jina la bandia la "Donald", alikuwa mume wake. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya kuyafungua majalada ilipitishwa mwishoni mwa 1991, na tangu Januari 1992 mtu anaweza kuomba kusoma lililoandikwa juu yake. Msimamizi wa kwanza alikuwa Joachim Gauck, mchungaji wa Rostock, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na miaka 11 baba yake alipochukuliwa na Wasovieti mwaka 1951 na kupelekwa Siberia, asirudi hadi 1955. Baadaye Gauck akawa rais wa Ujerumani nzima. Maombi ya watu binafsi yamepita milioni 3 hadi sasa.

Mume wangu aliomba kusoma jalada la baba yake mwaka 2001, na mimi nikaenda naye. Unakaa kwenye meza safi, mfanyakazi mwenye adabu anakuletea maboksi, na majina ya watu wengine yamefutwa kwa wino mweusi. Sikuwa na mazoea ya kusoma Kijerumani cha kiofisi, kwa hiyo niliangalia picha na michoro. Palikuwa na ramani ya fleti yao iliyochorwa kwa rula. Meza ya jikoni imo, taipureta imewekewa alama, na katika chumba kidogo pamechorwa kitanda na kuandikwa neno "mwana". Mchoraji aliweka hata upande ambao mlango unafungukia. Aliyechora alikuwa amewahi kuingia mle, na si mara moja, kwa kuwa alijua kwamba mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa ukikwama usipounyanyua kidogo, na akaliandika hilo pembeni.

Ilimchukua mume wangu miaka minne kuomba afunuliwe jina la kweli la mtoa habari huyo. Alikuwa rafiki wa familia, ndiye aliyemfundisha gitaa. Katika ile miezi 18 ambayo baba hakuwapo, mtu huyu alikuwa akija kila wiki kuwapandishia makaa ya mawe kutoka chumba cha chini, ndoo mbili mbili, ghorofa nne, bila ya kuombwa, na akishaondoka aliandika nani kaja, nani kalia, nani katuma kifurushi. Nilitegemea mama mkwe atamlaani. Alinyamaza muda mrefu, akaweka kikombe mezani, akasema, "Makaa yalikuwa ya kweli." Hakuongeza neno, na mimi kila nikilifikiria jibu hilo sijui bado kama lilikuwa la msamaha au la kitu kizito zaidi ya hasira.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likitajwa, pengine kwa sababu linawaudhi watu wa pande zote mbili. Mume wangu alimkasirikia baba yake kwa miaka mingi. Hakuwa na shaka kwamba baba alikuwa na haki, na kwenye mazishi yake alisema hivyo mbele ya watu. Lakini aliwahi kuniambia usiku mmoja kwamba baba alichagua kati ya ukimya na ukweli, naye akawa ndiye bei, na kwamba hata lile tundu la koti lilikuwa uamuzi wa baba, maana mama alikuwa ameshachukua sindano. Baada ya 1990 alimaliza masomo ya jioni akiwa na miaka 27, huku mchana akijenga. Sheria ya 1994 inawatambua watu kama yeye kuwa ni wanafunzi walioteswa, na anacho cheti cha kulithibitisha hilo. Kiko katika droo ya jikoni pamoja na dhamana ya mashine ya kufulia.

Ndiyo maana, mhariri, naona lile neno kwamba wapinzani "walijua walichokuwa wakikitafuta" halikustahili kupita bila ya kujibiwa. Wanaolisema huwa wanamwona mtu mmoja aliyekomaa, mwenye kidole juu. Hawaioni meza ya chakula anayokaa, na walioizunguka. Serikali ile iliiona vizuri sana, na ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Nalisema hili kwa wasomaji wa Zanzibar kwa sababu urafiki ule haukuishia kwenye fleti. Markus Wolf, aliyeongoza ujasusi wa nje wa Stasi, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964, na wataalamu wao walisaidia kuunda na kufunza idara yetu ya usalama. Makala ya mwandishi wako ilihesabu vyumba, zahanati na nafasi za masomo, na hesabu hiyo naikubali. Naomba safari nyingine ihesabu na hili. Naomba vilevile gazeti liwatafute wazee wetu waliosoma Leipzig, Dresden na kwengineko miaka ile, kabla hawajatutoka, waulizwe walichokiona darasani na mabwenini, nani alikaa karibu nao, nani aliacha ghafla kuzungumza nao. Ami yangu, nilipomwuliza, alisema hakuwahi kuona kitu. Kisha baada ya chai akakumbuka mwenzake mmoja wa Kijerumani ambaye kila walipotaka kuzungumza alimtoa nje wakatembee, hata kukiwa na theluji, na yeye siku zote alidhani ni desturi yao ya kupenda hewa safi.

Mwaka 2006 nilimleta mume wangu Kikwajuni kwa mara ya kwanza. Aliugonga ukuta wa jengo letu kwa kifundo cha kidole, kama waashi wanavyofanya, akapapasa ukingo wa ngazi, akasema ngazi hizi anazijua, vipimo ni vile vile. Tulikuwa tunateremka na nilikuwa namweleza ugomvi wa mirathi katika upande wa mama yangu, nikagundua kwamba hanijibu. Uso wake ulikuwa umefunga, anaangalia milango tunayoipita, na nilipoendelea akaniwekea mkono begani, kwa upole, ninyamaze. Wakati huo huo shangazi yangu alikuwa ameinama juu ya ukingo wa ghorofa ya tatu, anatuita tuchukue sahani za biriani tulizozisahau, na kwa sauti ya kusikika hadi sokoni akituagiza tumwambie kaka yake kwamba pesa za shamba hajaziona na hatanyamaza. Milango miwili ikafunguliwa, watu wakamwunga mkono. Mume wangu alisimama pale pale katikati ya ngazi, ameshika ukingo, akisikiliza.

Msomaji wako,
Mzaliwa wa Kikwajuni,
Leipzig, Ujerumani